Sindano ya Bobi, kidole cha mama



Jumamosi ya likelemba tulichelewa kuanza. Mwenzetu aliyekuwa na zamu ya kupokea hakuonekana, na sisi sote tunajua kwamba mtu anaweza kukosa siku ya kutoa, lakini hakosi siku ya kupokea. Tukamtuma binti mmoja kumwita. Alirudi mbio akatuambia kwamba mama amejifungia chumbani tangu jana jioni, hataki kumnyonyesha mtoto wake wa miezi saba, anasema amechomwa sindano ya mbwa.

Tulifunga daftari tukaenda wote. Habari hii tunaiandika kwa ruhusa yake. Jina lake na la mtaa wake tumeyaacha, maana katika Kisangani hii habari za mtu hupanda toleka zikafika sokoni kabla ya mwenyewe. Lakini yaliyotokea katika lupango lake yanaweza kumpata yeyote kati yetu anayefuga mbwa wa kulinda au paka wa kukamata panya. Na tukiri mapema: sisi wenyewe, tulipofika pale, tuliangalia mahali pasipo.

Bobi ni mbwa mchanga, wa miezi sita au saba hivi. Aliletwa kwa mtumbwi kutoka Lubunga, ng'ambo ya mto, wiki tatu kabla, kwa sababu wezi walikuwa wameanza kuruka ukuta. Hakuna aliyejua kama amewahi kuchanjwa. Mama alitaka kufanya vizuri. Alisikia kuna kijana anayezunguka na termosi ya barafu akichanja mbwa nyumba kwa nyumba, akamwita. Ijumaa jioni kijana akafika. Mama akamshika Bobi shingoni na kuinua ngozi ya juu, kama tunavyowaona wengine wakifanya. Mtoto wake wa kiume, wa miaka tisa, akashika kichwa. Kijana akapiga sindano, Bobi akaruka, sindano ikaingia upande mmoja wa ngozi ikatokea upande wa pili, ikachoma kidole gumba cha mama. Dawa ilikuwa imekwisha kusukumwa. Manyoya ya Bobi yalilowa, na kidole cha mama kikatoa tone moja la damu.

Kijana alisema si kitu, akachukua pesa yake akaenda zake.

Hapo ndipo usiku ulipoanza. Jirani wa kwanza alisema chanjo ni ugonjwa wenyewe uliotiwa ndani ya chupa, basi kichaa kimekwisha kuingia. Wa pili alileta jiwe jeusi, lile wanalobandika mtu aliyeumwa na nyoka, akataka kumchanja kwa wembe ili jiwe livute sumu. Wa tatu akaleta kikombe cha mawese. Kisha shangazi, kwenye simu, akasema: usimpe mtoto ziwa. Kati ya yote hayo mama alikataa wembe na kukubali neno la shangazi. Mtoto alilala kwa uji mwepesi, akalia hadi alfajiri, na maziwa yakamjaa mama mpaka homa ikapanda. Homa hiyo ikawa ushahidi kwa majirani kwamba kichaa kimeanza.

Tulipoingia tulikiona kidole: chekundu, kimevimba kidogo. Mmoja wetu, aliyewahi kufanya kazi ya reko katika eneo lake la afya, hakuuliza lolote. Alikwenda moja kwa moja kwenye shimo la takataka, akapekua, akarudi na kichupa kitupu cha chanjo. Wengine tulimcheka. Baadaye tuliona kwamba hakuna kitu cha maana zaidi kilichofanywa asubuhi ile.

Kichupa kilisema nini

Katika kituo cha afya muuguzi alikipokea kichupa kabla hata ya kukiangalia kidole. Alitafuta neno moja la Kifaransa: inactivé. Lilikuwapo. Maana yake ni kwamba virusi vilivyomo vimeuawa kiwandani. Mwili wa mbwa unaviona, unajifunza sura yao, unatengeneza askari wa kuvizuia, lakini vyenyewe haviwezi tena kuzaana wala kuleta ugonjwa. Chanjo za sindano za kichaa cha mbwa (rage, kama inavyoandikwa kwenye karatasi za hospitali) wanazopewa mbwa na paka siku hizi kwa kawaida ni za aina hiyo. Mtu aliyechomwa nayo hapati kichaa kutokana na chanjo. Na kama haina virusi hai, haina cha kupitisha kwenye maziwa ya mama.

Muuguzi alisema hivyo kwa sauti ya kawaida tu, huku akiandika. Mama alimchukua mtoto mgongoni mwa binti, akakaa kwenye benchi, akampa ziwa palepale. Hatukusema kitu. Baada ya nusu saa homa yenyewe ilianza kushuka.

Haina maana kwamba kidole kiliachwa. Sindano ile ilikuwa imepita kwenye ngozi na manyoya ya mbwa kabla ya kufika kwa mama, na manyoya ya mbwa si mahali safi. Muuguzi aliosha jeraha kwa maji na sabuni, akauliza lini mama alipata chanjo ya pepopunda (alikuwa nayo ya wakati wa mimba, tarehe ipo kwenye karatasi ya kliniki), akauliza kama mbwa alilamba kidole baada ya kuchomwa. Akamwambia arudi mara moja kama uvimbe utapanda kwenye mkono au kama usaha utatoka.

Akatuambia pia neno ambalo wengi wetu hatukulijua. Laiti kichupa kingekuwa na maneno huile minérale, yaani mafuta yaliyochanganywa na chanjo ili ikae mwilini muda mrefu, angempeleka mama kwa daktari wa upasuaji siku ileile, hata kama kidole kinaonekana kizima. Chanjo za namna hiyo hutumika sana kwa kuku, nguruwe na ng'ombe. Mafuta yakiingia kwenye kidole cha mtu, hata kidogo, kidole huvimba kwa ndani, maumivu yanazidi, damu inakosa njia, na mtu asipotibiwa haraka anaweza kukipoteza. Karatasi inayokuja na dawa hizo imeandikwa hivyo waziwazi, na inasema mtu aende nayo kwa daktari. Sisi karatasi hizo tunafungia karanga.

Nani alishika kichwa?

Tulikuwa tumesimama tayari kuondoka. Muuguzi, bila kuinua macho kutoka kwenye daftari, akauliza: “Na mbwa huyo, nani alimshika kichwa?”

Tulitazamana. Mtoto wa miaka tisa alikuwa mlangoni, amekuja nasi kwa sababu hakuna aliyemkataza. Mikono yake ilikuwa nyuma. Muuguzi akamwita kwa upole, akamwomba aonyeshe. Juu ya kiwiko cha mkono wa kulia palikuwa na mstari mwekundu, mfupi kama kijiti cha kiberiti. Jino la Bobi lilikwaruza pale alipojinyofoa. Haikutoa damu. Mtoto hakusema kwa sababu alijua atapigwa: yeye ndiye aliyeachia kichwa, kwa hiyo yeye ndiye aliyesababisha mama achomwe.

Tangu Ijumaa jioni mpaka Jumamosi karibu na saa sita mchana, majirani, shangazi, kijana wa termosi, na sisi kikundi kizima, hakuna hata mmoja aliyeutazama mkono huo. Wote tulikuwa tunakitazama kidole.

Kichaa cha mbwa hakikai kwenye chupa ya chanjo. Kinakaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa, na kinaingia kwa jino, kwa mkwaruzo, au kwa ulimi juu ya kidonda, jicho au mdomo. Kati ya watu wanaokipata duniani, mpaka 99 kwa 100 wamekipata kwa mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo kama 59,000 kila mwaka, karibu vyote Afrika na Asia, na watu 4 kati ya 10 wanaokufa ni watoto wa chini ya miaka 15. Ni watoto kwa sababu wao ndio wanaocheza na mbwa, ndio tunaowatuma kuwashika, na kama huyu wetu, wanaficha. Mbwa anaweza kuwa na virusi kwenye mate siku chache kabla hata ya kuonyesha ugonjwa. Na dalili zikishaanza kwa mtu, kuogopa maji, kuweweseka, kupooza, hakuna dawa ya kumrudisha.

Bobi alikuwa mbwa asiyejulikana, wa wiki tatu tu nyumbani. Chanjo yake ilimwagika kwenye manyoya. Hata kama ingeingia yote, mbwa anayechanjwa leo halindwi leo; mwili wake unahitaji karibu wiki tatu hadi nne. Kwa hiyo ule mkwaruzo ulihesabiwa kama mkwaruzo wa mbwa asiye na chanjo.

Muuguzi alimpeleka mtoto bombani. Sabuni ya kipande na maji yanayotiririka, dakika 15 kwa saa ya simu. Tulidhani ni mchezo. Mtu akiosha kidonda anaosha dakika moja, mbili akizidi. Dakika 15 ni ndefu, mtoto alichoka, tulipokezana kumshika. Lakini virusi hivi vina ngozi ya mafuta ambayo sabuni inaiharibu, na kazi hiyo ya bombani ni sehemu ya tiba yenyewe. Ingefaa ifanyike Ijumaa jioni palepale, ila kuchelewa hakuondoi faida: hata baada ya saa nyingi mtu bado aoshe, bado aende.

Kuhusu aina ya jeraha, waganga wanagawa hivi. Mbwa akikulamba kwenye ngozi nzima, osha tu. Akikutafuna kidogo au kukukwaruza bila damu, osha na uanze chanjo ya watu. Akitoboa ngozi ikatoka damu, au akilamba kidonda, jicho au mdomo, ni kuosha, chanjo, na juu yake seramu inayodungwa kuzunguka kidonda. Mtoto wetu alikuwa katika kundi la pili. Alihitaji sindano nne za mkononi: siku ile ya kwanza, ya 3, ya 7 na ya 14. Zile hadithi za sindano nyingi za tumboni ni za zamani. Mjamzito anapewa chanjo hiyo, anayenyonyesha anapewa pia.

Kuipata ni jambo lingine. Kituo hakikuwa nayo siku hiyo. Tulijigawa, wawili huku, watatu kule, kwa pikipiki na kwa simu, tukaipata kabla ya giza, na bei yake ilitufanya tukae kimya kidogo. Pesa ya likelemba, ile ambayo mama alikuwa aipokee asubuhi kwa ajili ya kupanua biashara yake ya mchele, ililipa dozi ya kwanza. Nyingine tulichanga.

Siku kumi za Bobi

Jirani mmoja alitaka Bobi auawe usiku uleule. Tulikataa, na si kwa huruma. Mbwa aliyekwaruza mtu, kama hajaonyesha ugonjwa, hufungwa na kuangaliwa siku 10. Kama ana virusi kwenye mate, ndani ya siku hizo ataugua au atakufa, na daktari atajua la kufanya. Kama anabaki mzima, basi siku ile hakuwa na cha kuambukiza, na dozi zilizobaki zinaweza kusimamishwa. Ukimuua na kumtupa mtoni umetupa jibu. Na kumchanja katika siku hizo hairuhusiwi, ili homa ndogo ya chanjo isichanganywe na dalili za ugonjwa.

Basi Bobi alifungwa kwa mnyororo chini ya mwembe. Chakula alisogezewa kwa fimbo. Kila asubuhi mmoja wetu alipita kumwona na kuandika katika daftari: amekula, amekunywa, amebweka. Siku ya 6 hakula, na mama alitupigia simu analia. Tulipofika tuligundua alipewa fufu bila mchuzi.

Wakati huo tulikuwa tukiulizana: je, ni wangapi kati yetu wamewahi kupata ajali ya namna hii bila kusema? Mikono ikainuka, na mingi haikuwa ya mbwa. Ilikuwa ya kuku. Mama mmoja anachanja kuku wake dhidi ya Newcastle, ugonjwa ambao ndugu zetu wa Tanzania wanauita mdondo au kideri, kwa tone la jichoni. Kuku alipotikisa kichwa, tone likaruka kwenye jicho lake mwenyewe. Chanjo ile, tofauti na ya Bobi, ina virusi hai vilivyopunguzwa nguvu. Jicho likawa jekundu, likatoa machozi kwa siku kadhaa, likapona. Jambo hilo linajulikana kwa waganga tangu miaka ya 1940. Ukirukiwa, suuza jicho kwa maji safi mengi, usilisugue, nenda kituo cha afya. Asiwe mtoto anayeshika kuku.

Kuna pia habari kutoka Marekani ambayo inafanana na yetu kuliko tulivyodhani. Mwaka 2000 katika jimbo la Ohio, ambako chanjo ya kichaa hutupwa porini ndani ya vyambo ili wanyama wa mwitu waile, mbwa wa nyumbani aliokota chambo. Mwanamke mwenye mbwa alijaribu kukitoa mdomoni mwake, akang'atwa. Chanjo ile ilibebwa na virusi hai vya jamii ya vile vya chanjo ya ndui, vikaingia kwenye jeraha, akapata vidonda vilivyompeleka hospitali. Alipona. Chupa na jino, safari hii pamoja.

Kijana wa termosi tulimtafuta. Alikuja kwa aibu, na tulizungumza naye vizuri, kwa sababu bila vijana kama yeye mbwa wengi wa Mangobo na Kabondo wasingechanjwa kabisa. Alikubali kwamba kumwacha mtoto ashike kichwa lilikuwa kosa. Anayeshika ni mtu mzima, mmoja, na mdomo wa mbwa unafungwa kwa kitambaa kabla sindano haijatoka kwenye karatasi. Paka anaviringishwa kwenye taulo nzito, kichwa tu nje. Vidole vya anayeshika visikae upande ambao sindano inaelekea, ni afadhali anayedunga ainue ngozi mwenyewe. Sindano iliyotumika hairudishiwi kifuniko chake, maana hapo ndipo wengi huchomwa. Inaingia moja kwa moja kwenye bidoni ngumu ya plastiki yenye kifuniko. Na sindano iliyomchoma mtu haiendelei kwa mbwa wa pili, sembuse kuchoma mtu wa pili, kwa sababu ya damu. Tulimwuliza pia kuhusu barafu. Chanjo inataka nyuzi 2 hadi 8, na umeme wa mji huu tunaujua wenyewe. Akatuonyesha kipimajoto kidogo ndani ya termosi. Hilo lilitupendeza.

Jambo moja tulilomwomba ni kwamba asiondoke tena na pesa kabla ya kuuliza kila aliyekuwa karibu na mbwa: mikono yenu, nionyesheni. Na awaachie wenye nyumba kichupa, wakihifadhi wiki mbili mahali watoto hawafiki.

Siku ya 10 Bobi alikula mifupa ya kuku, akaukata mnyororo, akamkimbiza mwuza mkate mpaka njia kuu. Daktari aliposikia alicheka, akaangalia daftari letu, akasema dozi ya nne haina haja. Jumamosi iliyofuata kijana alirudi. Mtu mzima alishika, mdomo ulifungwa, mtoto wa miaka tisa alikaa barazani mbali, akihesabu kwa sauti. Chanjo iliingia yote.

Pesa ya dozi ya nne tulikuwa tumekwisha kuichanga. Tulijadiliana kama irudishwe, na mwishowe tukakubali ikae, iongezwe franka kidogo kila kikao. Mama mweka hazina amefungua ukurasa mpya katika daftari la likelemba. Juu yake ameandika: “Ya meno.”